Usiache mbachao: siri ya kisahani kikuukuu

WAHENGA walinena, "Kipya kinyemi ingawa kidonda." Wakanena pia, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Ukizitazama vyema, methali hizi mbili zinavutana. Ya kwanza yatukumbusha jinsi mwanadamu anavyopumbazwa na kitu kipya. Ya pili yamwonya asikitupe kikuukuu alichokizoea. Leo, msomaji mpenzi, tutazipima methali hizi kwa kitu ambacho wahenga wetu hawakukiona: kisahani cha plastiki kirushwacho hewani.

Hatusemi kile kisahani kizito ambacho wanariadha hukirusha kwenye michezo ya Olimpiki. Hiki ni chembamba na chepesi, upana wake yapata sentimita 21, na uzito wake kwa kawaida ni kati ya gramu 150 na 176. Hutumiwa katika mchezo wa gofu ya visahani, ambao umeshika sana Marekani na nchi za baridi za Ulaya kama Ufini. Viwanja vyake ulimwenguni sasa vimepita 10,000.

Kanuni zake zafanana na za gofu tuijuayo, ila hapana fimbo wala mpira. Mchezaji husimama penye alama, hurusha kisahani chake, hukifuata kilipoangukia, hurusha tena kutoka hapo, mpaka akitie katika kikapu cha chuma kilichofungwa kwenye mlingoti na kuning'iniziwa minyororo. Mwenye marusho machache ndiye mshindi. Viwanja vingi vina vikapu 18, na njia zake hupita baina ya miti, kando ya maziwa na juu ya vilima.

ULIVYOANZA

Mwaka 1957 kampuni ya Wham-O ya California ilianza kuuza kisahani cha plastiki kilichobuniwa na Bw. Walter Frederick Morrison. Muda si muda kikaitwa Frisbee, na kikawa mchezo wa watoto pwani na bustanini. Bw. Ed Headrick, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni hiyo, alikitengeneza upya katika miaka ya 1960 ili kitulie zaidi hewani. Ni yeye aliyesimamisha mwaka 1975 kiwanja cha kwanza cha kudumu cha gofu ya visahani, huko Oak Grove Park, California. Kikapu cha minyororo pia ni buni yake. Mwaka uliofuata, 1976, akaanzisha chama cha wachezaji kijulikanacho kwa herufi PDGA, ambacho mpaka leo ndicho kinachotunga sheria za mchezo.

Visahani vya siku zile vilikuwa vinene ukingoni, kama vile vya kuchezea watoto. Mageuzi yalikuja mwaka 1983, Bw. Dave Dunipace alipotoa kisahani kilichoitwa Eagle, ambacho ukingo wake ulichongwa ukawa mwembamba kwa nje. Ukingo ule ulikata hewa vizuri, na kisahani kikaenda mbali kuliko vyote vilivyokitangulia. Kampuni ya Innova, ambayo Bw. Dunipace ni mmoja wa waasisi wake, ilizaliwa mwaka huo huo.

Kutoka hapo vikapatikana visahani vya masafa. Wazungu huviita kwa neno lile lile lililotupa sisi "dereva". Hivyo ndivyo mchezaji avirushavyo mwanzo, anapotaka kufika mbali. Mwaka 2016, katika jangwa la Nevada, kijana Mmarekani David Wiggins alirusha kisahani kikaenda mita 338 kikisaidiwa na upepo. Huo ni urefu wa viwanja vitatu vya kandanda vilivyounganishwa.

KWA NINI KINAPINDA?

Asiyeujua mchezo hudhani kisahani huenda moja kwa moja kama jiwe la teo. Sivyo. Mchukue mrushaji wa mkono wa kulia, arushaye kwa kuvuta mkono kutoka kifuani na kuukunjua. Ukikitazama kwa juu, kisahani chake huzunguka kufuata mishale ya saa. Kikiwa bado na kasi kubwa, huelekea kuinamia kulia. Kasi ikipungua hurudi, kikaangukia kushoto. Safari nzima ikawa mfano wa herufi S iliyonyooshwa. Kwa mwenye mkono wa kushoto, mambo hugeuka kinyume.

Siri yake waijua watoto wote waliocheza pia. Pia inayozunguka, ukiisukuma haiangukii upande ulioisukumia, bali huinamia ubavuni. Kisahani nacho ni pia iliyo angani. Hewa hukibeba, lakini kitovu cha nguvu hiyo ya kubeba hakikai katikati barabara. Kasi ikiwa nyingi, kitovu hicho huwa nyuma kidogo, kikataka kukiinamisha pua. Kwa kuwa kisahani kinazunguka, badala ya kuinamisha pua hulalia kulia. Kasi ikiisha na kisahani kikaanza kushuka, hewa hukipiga kwa chini, kitovu husogea mbele, na sasa hutaka kukiinua pua. Kwa sababu ile ile, kisahani hulalia kushoto.

Vingine huvutwa kushoto kwa nguvu na havikubali kulalia kulia hata virushwe vipi. Hivyo tuviite vikaidi. Vingine hulalia kulia kwa urahisi, na hivyo tuviite vilegevu. Baina yake mna vitiifu, vinavyokwenda vilikoelekezwa. Watengenezaji hujaribu kumsaidia mnunuzi kwa nambari nne: ya kasi, ya kuelea, ya kugeukia kulia na ya kurudi kushoto. Teebird ya Innova, kwa mfano, hupewa 7, 5, 0 na 2. Destroyer hupewa 12, 5, -1 na 3. Mwenye kuzisoma hupata picha ya safari hata kabla ya kurusha.

Lakini nambari hizo ni za kisahani kipya. Nambari hazizeeki, bali kisahani huzeeka.

PLASTIKI SI MOJA

Kisahani huzaliwa katika kalibu. Plastiki huyeyushwa, ikashindiliwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma, ikaachwa ipoe. Kalibu ikiwa ile ile na plastiki ikiwa mbalimbali, visahani vitokavyo si sawa. Kila plastiki husinyaa kwa namna yake inapopoa. Moja ikatoka na mgongo ulioinuka kama kawa, nyingine ikatoka bapa kama sinia. Kwa hiyo, visahani viwili vyenye jina moja na nambari zile zile huweza kuruka kama watu wawili wasiojuana.

Kwa jumla plastiki zake ni namna mbili. Ya kwanza ni ya bei nafuu, ambayo Innova huiita DX. Inashikika vizuri mkononi, haiteleziteleze, na aghalabu bei yake ni karibu nusu ya zile za ghali. Lakini ni laini. Ikipiga mti inachanika ukingoni, ikiburuta changarawe inakwaruzika. Ya pili ni ya ghali, nyingi katika hizo zikiwa za jamii ya poliyurethani. Miongoni mwake mna ile iitwayo Champion, inayopitisha mwanga kama kioo cha rangi, na Star, ambayo haipitishi mwanga. Hizi hupiga mti zikarudi kana kwamba hapakutokea jambo. Tena aghalabu, zikiwa mpya, huwa kaidi kuliko ndugu zake wa DX waliotoka kalibu moja.

Huenda msomaji akasema, "Basi shauri limekwisha! Nunua ya ghali, idumu." Hapo ndipo methali zetu zinapoanza kuvutana.

KUZEEKA NI KUJIFUNZA

Mwenye kuvaa makubazi ananielewa. Makubazi mapya humwumiza mtu kidole, hukwaruza, hata akayajutia. Wiki zikipita ngozi hulainika, ikashika umbo la unyayo wake yeye na si la mwingine. Kisahani nacho ni hivyo. Ukingoni mwake pana mshono, mahali pande mbili za kalibu zilipokutana. Wajuzi hutazama mshono huo uko wapi. Ukiwa juu, kisahani huelekea kuwa kaidi. Ukiwa chini, huelekea kuwa kilegevu. Kila pigo la mti na kila mburuto wa mchanga huumumunya ukingo huo kidogo kidogo, na tabia ya kisahani ikabadilika.

Kisahani cha DX kikiwa kipya huruka mbele na kurudi kushoto kama kilivyoandikiwa. Baada ya kuchezwa mara chache kwenye kiwanja chenye miti mingi, hurudi kidogo tu. Kikiendelea kuchakaa hufika mahali pazuri mno: huenda sawasawa kama uzi wa fundi mwashi, kikatua taratibu. Baadaye huanza kulalia kulia. Mwisho hulalia kulia mpaka kikaanguka na kubiringika chini kama gurudumu. Hata hapo mjuzi hakitupi, kwani yako mahali ambapo njia ya pekee ni kukibiringisha chini ya matawi.

Cha Champion au Star hupita njia hiyo hiyo, lakini kwa mwendo wa kobe. Cha DX huzeeka kwa wiki au miezi. Cha ghali huchukua miaka. Kwa upande wa pili, cha DX kikishafika pale pazuri hakikai. Mti mmoja wa bahati mbaya hukisukuma mbele. Cha ghali kikifika, hukaa hapo muda mrefu, na mwenyewe akakijua kama nahodha anavyoujua msukani wa chombo chake.

Kwa hiyo wachezaji wengi wazoefu hubeba visahani viwili au vitatu vya jina moja, vyenye umri mbalimbali: kijana, wa makamo na mzee. Upepo ukivuma usoni, ambao hukizidishia kisahani kulegea, huchukua kijana mkaidi. Wakitaka kupita uchochoro wa miti, huchukua wa makamo. Upepo ukitoka nyuma, au njia ikipinda kulia, humwita mzee. Bw. Ken Climo wa Florida alitwaa ubingwa wa dunia mara 12 kuanzia mwaka 1990.

UCHAKAVU WA HAKI NA WA HILA

Je, mtu asiye na subira hawezi kukizeesha kisahani chake kwa msasa? Sheria za PDGA zimelitazama jambo hilo. Mchezaji haruhusiwi kukibadilisha kisahani kilichokwisha kutengenezwa ili kuigeuza ruka yake ya asili. Uchakavu unaotokana na kucheza unakubaliwa, kwa kuwa hauepukiki. Kusugua kidogo ili kuondoa kasoro za kalibu au mikwaruzo kunakubaliwa pia. Kusugua kupita kiasi kunakiharamisha kisahani, na kilichopasuka nacho hakifai tena. Mwenye kurusha kisahani kisichoruhusiwa huongezewa marusho mawili, na katika mashindano marusho mawili huweza kumpotezea mtu kikombe.

Sheria hiyo yafurahisha kuitafakari. Uzee wa kisahani ukubaliwe, lakini uwe umechumwa uwanjani. Hapana njia ya mkato.

Na hapo ndipo penye uzito. Mtazame mchezaji amesimama mbele ya ziwa, ng'ambo kuna kikapu, kushoto ukuta wa miti. Mfukoni mna kisahani kipya kinachong'aa, tena mna kikuukuu kilichokwaruzika, jina lake limefutika, naye amekaa nacho miaka mitatu. Kipya kitarudi kushoto kikapige miti. Kikuukuu ndicho kitakachonyooka, lakini kikipungukiwa kidogo tu, kitazama. Dukani ataweza kununua kingine chenye jina lile, plastiki ile na nambari zile, lakini miaka mitatu haiuzwi dukani. Wako wanaokiacha mfukoni kwa hofu hiyo, wakapoteza mchezo. Wako wanaokirusha, kwa kuwa walikilea kwa ajili ya siku hiyo.

Bw. Headrick mwenyewe alifariki mwaka 2002. Kwa usia wake majivu yake yalichanganywa katika plastiki, yakatengenezewa visahani. Sisi ambao maiti wetu huoshwa, wakakafiniwa, wakasaliwa na kustiriwa mchangani, jambo hilo laweza kutushangaza. Lakini msomaji atajionea jinsi mtu yule alivyoungana na kazi ya mikono yake.

Tukirudi kwenye methali zetu, kipya ni kinyemi, wala hapana ubaya kukifurahia, maana kila kikuukuu kilikuwa kipya siku moja. Ila asiyesubiri hatajua kamwe kipya chake kingekuwa nini. Basi ukiwa na mbacha wako nyumbani, uwe kisahani, uwe makubazi, uwe jembe lililolika makali, usiharakishe kuutupa. Uangalie kwanza. Pengine ndio kwanza umekwisha kujifunza kazi.