Kufundisha Mfanyakazi wa Kiwanda

Mzazi wa Mutshatsha akituuliza: «Baba, shaba inatoka katika udongo wetu, kwa nini mtoto wangu hapati kazi kiwandani?», tumjibu namna gani? Tusiseme haraka kwamba ni upendeleo tu, wala kwamba kijana ni mvivu. Kwanza tufahamu kazi yenyewe.

Zamani Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilitafuta hasa nguvu za mikono. Watu waliandikwa kwa miezi michache, kiisha wakarudi kwao. Mnamo mwaka 1928 kompani ilianza kuwaandika kwa miaka mitatu, pamoja na wake na watoto wao. Sababu mojawapo ni kwamba mashini ziliongezeka, na mtu anayeondoka kila mara hawezi kuzizoea. Lakini kazi za juu zilibaki za Wazungu. Hivi, uhuru ulipofika mwaka 1960, mainjinia Wakongo walikuwa karibu hawapo. Na mwaka ule ule kiwanda cha Luilu, karibu na Kolwezi, kilianza kazi.

Sasa tutazame kiwanda cha leo. Huko Kamoa-Kakula, katika teritwari ya Mutshatsha, tanuru jipya lilianza mwisho wa mwaka 2025. Limejengwa kwa kutoa tani 500,000 za shaba kwa mwaka. Unga wa mawe ya shaba unapulizwa ndani pamoja na hewa yenye oksijeni nyingi. Salfa iliyo katika unga inawaka, na joto lake linasaidia kuyeyusha shaba. Moshi wake unageuzwa kuwa asidi. Anayeongoza tanuru hashiki koleo: anakaa mbele ya kompyuta, anasoma hesabu za joto, za hewa na za unga. Asipozifahamu, anahatarisha maisha ya wenzake.

Basi mafundisho ya mfanyakazi huyu yana sehemu tatu. Kwanza, hesabu na kusoma Kifransa vizuri. Pili, kujua sababu ya kila jambo, si kufuata amri tu. Maana mashini ikiharibika, amri ya jana haisaidii. Tatu, kuzoea kazi kando ya fundi mzee. Kompani inaweza kutoa ya pili na ya tatu. Ya kwanza haipatikani kiwandani kwa miezi michache. Inaanza katika masomo ya msingi.

Hapo ndipo kazi yetu. Wasalesiani, waliofika Elisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka 1911, walifundisha ufundi pamoja na dini. Tena sheria ya migodi ya mwaka 2018 inaagiza kila kompani inayochimba itoe angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa jirani. Ndugu wakatekista, mkiitwa katika mikutano ya kijiji juu ya mali hiyo, kumbusheni watu waombe pia walimu wa hesabu na karakana za kujifunzia. Mashini inanunuliwa kwa siku moja. Fundi anatengenezwa kwa miaka kumi, na miaka hiyo inaanza katika darasa la kwanza.