Kwa nini poda ya pumu huchanganywa na sukari

MGONJWA wa pumu anayevuta dawa ya poda kwa inhela aghalabu huonja utamu kidogo ulimini. Utamu huo haukutiwa ili kumbembeleza. Ni laktosi, yaani sukari ya maziwa, na pasipo hiyo sehemu kubwa ya dawa ingebaki imeganda ndani ya kifaa.

Kuelewa sababu yake ni lazima tuanze na ukubwa wa chembe. Njia ya hewa mwilini ni mfano wa mti uliopinduliwa, ambao matawi yake huzidi kuwa membamba kadiri yanavyoshuka mapafuni. Chembe inayozidi mikroni 5 hushindwa kupinda kona. Hugonga koromeo na kumezwa pamoja na mate. Iliyo chini ya mikroni 1 huweza kuelea tu na kutoka tena na pumzi. Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita, na unywele wa binadamu una unene wa takriban mikroni 70. Dawa basi husagwa mpaka chembe zake ziwe baina ya mikroni 1 na 5.

Hapo ndipo mtaalamu wa dawa anapopatwa na kizungumkuti. Unga laini kiasi hicho haumiminiki, bali hushikana mabonge. Ukipunguza kipenyo cha chembe kwa nusu, uzito wake hushuka hadi thumuni, ilhali nguvu inayoinatisha kwa jirani yake hupungua kwa nusu tu. Yaani kadiri dawa inavyofaa mapafu, ndivyo inavyokataa kuachana.

Mmoja wa waliolitatua fumbo hili ni Roger Altounyan, daktari aliyezaliwa nchini Syria mwaka 1922 na kufanya utafiti wake Uingereza. Yeye mwenyewe aliugua pumu. Akiwa na watafiti wa kampuni ya Fisons, alichunguza kemikali zilizotokana na mmea uliotumiwa tangu kale katika tiba za kienyeji nchini Misri. Alijaribu mamia ya michanganyiko kwa kujisababishia pumu makusudi, akivuta vitu vilivyomdhuru kama vile vumbi la manyoya ya wanyama, kisha akipima pumzi zake. Ni ujasiri ambao kamati za maadili za siku hizi zisingeuidhinisha. Dawa iliyopatikana, kromoglikati, ilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1960.

Lakini dawa hiyo ilihitajika kwa wingi, miligramu 20 kwa mvuto mmoja, kiasi kilichozishinda inhela za gesi za wakati huo. Altounyan, aliyekuwa mwalimu wa marubani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, alibuni kifaa chenye propela ndogo. Mgonjwa akivuta pumzi, propela huzunguka na kutikisa kapsuli iliyotobolewa, na poda ikatawanyika hewani. Wanakemia wenzake nao waliichanganya dawa na chembe kubwa za laktosi. Chembe za dawa huning'inia juu ya zile za sukari kama abiria garini. Sukari humiminika vyema. Pumzi ikiikumba kwa nguvu, abiria hushuka na kuendelea na safari hadi mapafuni, nalo gari huishia kooni. Ndio ule utamu.

Ufanisi huo una gharama yake. Injini ya kifaa cha poda ni pumzi ya mgonjwa mwenyewe, kwa hivyo ni sharti avute kwa nguvu na kwa haraka. Inhela ya gesi, ambayo ndiyo wengi nchini wanayoifahamu, hutaka kinyume: kuvuta polepole na kwa kina. Anayebadilishiwa kifaa bila kuelezwa tofauti hii hupoteza dawa, hata ikiwa ni ile ile. Aidha poda huchukia unyevu. Katika joto la fukuto la Mombasa, kifaa kilichoachwa wazi, au ambacho mtumiaji amepumulia ndani, huweza kugandisha dawa upya.

Hoja ya poda imepata uzito zaidi tangu Oktoba 2016, mataifa yalipokubaliana mjini Kigali, Rwanda, kupunguza gesi za HFC zinazochangia ongezeko la joto duniani. Gesi hizo ndizo zinazosukuma dawa katika inhela nyingi za kawaida. Poda haihitaji gesi yoyote.

Hata hivyo, mtoto mdogo, au mtu aliyebanwa vibaya na pumu, huenda asiwe na pumzi ya kuitawanya poda. Kwao gesi bado haina mbadala rahisi. Mwaka 1999, watafiti wa Cape Town, Afrika Kusini, walionyesha kuwa chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa kitakoni na inhela kuzibwa humo barabara, iliwafaa watoto waliobanwa na pumu sawa na chombo maalumu cha kiwandani.