Kadi ya Mzee Haivuki Mpaka

Baada ya swala ya Isha, hapa Mikese, mzee wetu mmoja, mwalimu mstaafu, alituaga. Mwanawe aliyeko Birmingham amemwalika akakae naye miezi 6. Tulipokwisha kumwombea dua ya safari, akatoa kadi yake ya bima ya afya, akasema: "Hii naondoka nayo, maana sukari hainiachi."

Kadi hiyo ni neema. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1999, hugharamia matibabu ya mwanachama aliyestaafu pamoja na mwenzi wake. Lakini neema hiyo ni ya ndani ya nchi: Morogoro kadi hupokelewa, Birmingham haitambuliwi.

Uingereza, mgeni asiye mkazi akilazwa aweza kutozwa asilimia 150 ya gharama. Marekani nako, mzee mhamiaji asiyewahi kufanya kazi huko husubiri miaka 5 ya ukazi wa kudumu ndipo aweze kununua Medicare, bima ya serikali ya wazee.

Enyi vijana wetu mlio ughaibuni, Suratul-Israa, aya ya 23, yatuamrisha wema kwa wazazi. Bima ni sehemu ya wema huo. Kabla ya kukata tiketi, tafuteni bima inayokubali maradhi aliyonayo mzazi tayari, kwani nyingi huyakataa. Nanyi wazee wetu, msione haya kuuliza: nikiugua, nani atalipa?

Mzee wetu ameiahirisha safari hadi mwanawe apate jibu. Dua yetu ingali naye.