Jinsi ya kuunda chombo cha kuinulia injini bila kuhatarisha maisha

TINGATINGA la minyororo likiharibikia katikati ya shamba la ngano kule Njoro au Mau Narok, si rahisi kulikokota hadi gereji mjini Nakuru. Mara nyingi fundi ndiye hulifuata liliko, akiwa na jeki, spana na vijana wawili wa kumsaidia. Hapo ndipo swali la kuinua hujitokeza, kwa kuwa injini yake huweza kufikia kilo 600 au zaidi.

Kukodi kreni kwa kazi ya saa moja ni gharama ambayo wakulima wengi hawaimudu. Ndiposa mafundi wa jua kali hujiundia chombo chao: mabomba matatu ya chuma yaliyounganishwa kileleni, na winchi ya cheni ikining'inia katikati.

Mabomba huuzwa kwa urefu wa mita 6, hivyo mawili yakikatwa katikati hutoa miguu mitatu ya mita 3 na kipande kimoja cha akiba. Yawe na upana wa inchi 3 na ukuta wa unene usiopungua milimita 5. Bomba lililopinda au kuliwa na kutu halifai, hata likipatikana kwa bei ya chuma chakavu. Kileleni miguu hushikwa kwa bolti nene, ili iweze kukunjwa na kubebwa kwa pikapu.

Kulabu ya kubebea winchi haifai kuundwa gerejini. Nondo ya ujenzi iliyokunjwa na kuchomelewa huweza kukatika ghafla. Heri kununua ya kiwandani, iliyochapwa uzito inaoweza kubeba.

Hata hivyo, hatari kubwa imo katika mtanuko wa miguu. Miguu ikiinama nyuzi 30 kutoka wima, kilele huwa mita 2.6 juu ya ardhi, na umbali kati ya wayo mmoja na mwingine huwa mita 2.6 vilevile. Chini ya mzigo wa kilo 600, kila wayo husukumwa nje kwa nguvu ya takriban kilo 115. Miguu ikitanuliwa hadi nyuzi 60, msukumo huo hufikia takriban kilo 346, yaani mara tatu, ilhali mzigo ni ule ule! Kwa sababu hiyo nyayo zote tatu sharti zizungushiwe cheni ili zisiteleze.

Aidha, udongo wa sehemu nyingi za eneo hili ulitokana na majivu ya volkano, nao hudidimia upesi, hasa baada ya mvua. Kila wayo uwekewe bamba pana la chuma au ubao mnene.

Kabla ya kazi, chombo kijaribiwe kwa mzigo unaozidi kidogo ule uliokusudiwa, uinuliwe sentimita 10 tu na kuachwa hapo kwa muda, watu wote wakiwa mbali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka vifaa vya kuinulia vikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa, jambo ambalo mafundi wengi wa kando ya barabara hulipuuza.

Tingatinga zima lisiinuliwe kwa chombo hiki. Hilo ni kazi ya jeki, na likishapanda lilazwe juu ya magogo mazito yaliyopangwa msalaba kabla ya mtu yeyote kuingiza hata mkono chini yake.