Je, Wajua? Wimbo wa upande wa pili uliopenya chupuchupu
Mwaka 1972 Kamerun iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, na mpiga saksafoni Manu Dibango akarekodi wimbo wa mashindano hayo. Upande wa pili wa santuri akaweka Soul Makossa. Nakala moja ilimfikia David Mancuso, DJ wa New York, akaupiga kwenye sherehe zake. Redio WBLS ikaudaka, na santuri zikaadimika haraka. Bendi nyingine zikakimbilia kuurudia ili kujaza pengo! Hata hivyo, mwaka 1973 rekodi ya Dibango mwenyewe ilipenya nyimbo 40 bora za Marekani, ikaishia nafasi ya 35, ya chini mno kwa wimbo uliosaidia kuamsha disko. Mwaka 1982 mwangwi wa kiitikio chake ukasikika katika albamu ya Thriller ya Michael Jackson.