Una gari la umeme na watoto wadogo? Jifunze kulipia chaji kabla ya dharura

Ilikuwa yapata saa tatu na nusu usiku dada yangu aliponipigia simu. Mwanawe wa miaka mitatu alikuwa na joto jingi tangu jioni. Dawa ya kushusha homa haikuwa imesaidia, na sasa mtoto alikuwa anapumua kwa kasi. Shemeji alikuwa Kisumu kikazi.

“Njoo unishikie mtoto niendeshe gari,” aliniambia. Tunaishi mtaa mmoja hapa Nairobi, kwa hivyo nilifika kwake kwa miguu.

Tulipoketi ndani ya gari ndipo tukaona shida. Gari lao ni la umeme, mtumba kutoka Japani, na betri ilikuwa imebakisha asilimia 9. Stima ilikuwa imepotea mtaani tangu siku iliyotangulia, na dada hakuwa amelichaji nyumbani kama kawaida yake. Hospitali iko umbali wa kilomita 14 hivi. Labda tungefika, labda tungekwama njiani na mtoto mgonjwa. Tukaamua kupitia kituo cha kuchaji kilicho kwenye maegesho ya jengo moja la maduka.

Kituo kilikuwa na mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa imechomekwa kwenye gari lililokwisha kujaa, mwenyewe haonekani. Ya pili haikupokea pesa hadi upakue programu yake kwenye simu, ujisajili, kisha uweke pesa kwenye akaunti ya programu hiyo. Dada alikuwa amemaliza data. Nikamwashia intaneti kutoka simu yangu. Akajisajili, akatuma Sh500 kwa M-Pesa. Ujumbe wa M-Pesa ukaingia mara moja, lakini akaunti ya programu ikabaki sifuri.

Tulikaa hapo dakika 20, mtoto akihema kifuani mwangu. Mlinzi ndiye aliyetuokoa. “Mama, hata juzi ilisumbua hivyo hivyo. Iteni teksi, gari nitawaangalilia.”

Daktari alisema ni nimonia. Mtoto aliwekewa oksijeni na akalazwa siku mbili. Leo ni mzima na anapanda viti kama zamani.

Kama mwandishi wa habari za afya, mara nyingi huuliza kwa nini wagonjwa huchelewa kufika hospitalini. Jibu huwa nauli, barabara mbovu au kusubiri baba arudi. Sikuwa nimewahi kufikiria chaji. Tangu usiku ule nimezunguka vituo kadhaa na dada yangu kujifunza mambo tuliyopaswa kuyajua mapema. Ikiwa familia yako imenunua gari la umeme, au mnapanga kununua, soma haya mkiwa mmetulia.

UNALIPIA NINI HASA?

Umeme wa gari hupimwa kwa uniti, zile zile unazonunua kwa tokeni nyumbani. Chukua mfano wa Nissan Leaf lenye betri ya uniti 40. Kulitoa asilimia 20 hadi 80 ni uniti 24. Kituo kikiuza uniti moja kwa Sh40, utalipa Sh960. Ikiwa gari linatumia uniti 16 kwa kilomita 100, chaji hiyo itakupeleka kilomita 150. Gari la petroli linalokwenda kilomita 12 kwa lita moja lingehitaji lita 12.5 kwa safari hiyo, yaani Sh2,250 iwapo lita ni Sh180.

Bei hizo ni za mfano tu, kwani kila kituo hupanga yake. Mwaka 2023, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) iliweka bei maalumu ya stima ya kuchaji magari: Sh16 kwa uniti, na Sh8 saa ambazo matumizi ya umeme nchini yako chini, kabla ya kodi na ada nyingine. Hiyo ilikuwa bei ya Kenya Power kumtoza mwenye kituo. Naye huongeza gharama ya mashine, kodi ya mahali na faida yake. Kwa hivyo usishangae ukikuta bei ya juu zaidi, na usione haya kuuliza kabla ya kuchomeka.

UNITI AU DAKIKA?

Hapa ndipo wengi huumia. Kuna vituo vinavyotoza kwa uniti na vingine kwa muda. Ukitozwa kwa muda, gharama hutegemea kasi ya gari lako kupokea umeme, si ukubwa wa mashine.

Leaf nyingi zilizotengenezewa soko la Japani hupokea kilowati 3 au 6 pekee kwenye mashine za kawaida, hata kama mashine imeandikwa kilowati 22. Tuseme kituo kinatoza Sh5 kwa dakika. Gari la kilowati 6 hupata uniti moja kwa dakika 10, hivyo uniti hiyo inakugharimu Sh50. La kilowati 3 litachukua dakika 20, na uniti ile ile itakuwa Sh100.

Mashine za kasi, za kilowati 50 hivi, zinaweza kukupa zile uniti 24 kwa nusu saa au zaidi kidogo. Lakini betri ikipita asilimia 80, gari lenyewe hupunguza mwendo wa kupokea ili kulinda betri. Kusubiri ijae kabisa hapo ni kupoteza muda, na pesa pia ukitozwa kwa dakika.

Uliza mambo mengine mawili. Je, ada ya maegesho imo ndani au hulipwa kando? Na je, kuna faini ukiacha gari limechomekwa baada ya kujaa? Hata pasipo faini, ondoa gari likishatosha. Yule aliyeziba mashine usiku ule huenda hajui hadi leo kwamba kulikuwa na mtoto mgonjwa nyuma yake.

PLAGI ISIKUGEUZE NJIANI

Vinywa vya kuchajia havifanani. Leaf ya Japani huwa na viwili: cha kawaida, yaani aina ya 1, na cha kasi kiitwacho CHAdeMO. Vituo vyetu vingi vina aina ya 2 kwa chaji ya kawaida na CCS2 kwa ya kasi. Vingine vina CHAdeMO, na vingine vina plagi ya magari ya China. Mwenye gari kutoka Japani anahitaji kebo ya kuunganisha aina ya 1 na aina ya 2. Nunua kwa muuzaji anayeaminika, ikae kwenye buti kila siku. Usijaribu plagi za kuunga za bei rahisi, kwani umeme wa gari ni mwingi na waya dhaifu huchemka.

ANDAA MALIPO UKIWA NYUMBANI

Chagua vituo viwili au vitatu vilivyo kwenye njia zako, hasa kati ya nyumbani na hospitali. Pakua programu zao ukiwa na intaneti nzuri, jisajili, kisha weka kiasi kidogo cha pesa katika kila moja. Nenda ukachaji mara moja mchana, siku usiyokuwa na haraka. Utajua kama mashine inafanya kazi, kama kituo kiko wazi usiku, na kama pesa huingia.

Mzazi mwenzako, au yeyote anayeendesha gari hilo, awe na programu hizo pia. Kwa dada yangu, kila kitu kilikuwa kwenye simu ya shemeji, na simu ilikuwa Kisumu.

Pesa zikitoka na chaji isianze, usitume tena kwa hasira. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa, piga picha nambari ya mashine na skrini yake, kisha piga simu ya huduma iliyobandikwa hapo. Dada alirudishiwa Sh500 zake baada ya siku nne, kwa sababu alikuwa na ushahidi.

AKIBA YA HOSPITALI

Hili ndilo nililotaka hasa kukuambia. Kama vile unavyoweka pesa kidogo kando kwa ajili ya ugonjwa, weka na chaji.

Hesabu ni rahisi. Kwetu, kwenda hospitali na kurudi ni kilomita 28. Hizo ni kama uniti nne na nusu, au asilimia 11 ya betri mpya ya uniti 40. Lakini betri ya mtumba imechoka, haibebi tena uniti zote 40. Kuna msongamano, na huenda ukatumwa hospitali nyingine. Dada ameamua gari lisilale chini ya asilimia 30. Stima ikipotea, anakwenda kituoni mapema, watoto wakiwa wazima.

Na ikiwa chaji haitoshi na mtoto yuko hatarini, usianze kuhangaika na mashine. Ita teksi, jirani au ambulensi. Mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitano anayepumua mara 40 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia anahitaji kuonwa na daktari haraka. Vivyo hivyo akivuta kifua ndani anapopumua, akishindwa kunywa au akiwa mlegevu. Sisi tulipoteza dakika 20 ambazo hatukuwa nazo.

WATOTO KITUONI

Siku za kawaida, kuchaji hukutana na kuchoka kwa watoto. Usimwache mtoto peke yake garini ukienda dukani, hata dakika chache. Gari lililozimwa juani linaweza kupanda joto kwa takriban nyuzi 10 ndani ya dakika 10. Magari mengi ya umeme huweza kuwasha kiyoyozi yakiwa yanachaji, kwa hivyo kaa naye ndani au shukeni wote.

Kebo si kamba ya kurukia. Ishikwe na mtu mzima, na ukiona imechubuka au plagi imeyeyuka, ondoka. Mvua isikutishe kwenye mashine nzima, kwa sababu umeme haupiti hadi plagi ijifunge sawasawa na mashine iwasiliane na gari.

Juzi jioni nilipita kwa dada. Stima ilikuwa imekatika tena, nyumba iko giza. Nilimuuliza gari liko asilimia ngapi.

“Sitini na nne,” akasema bila kwenda kuangalia. “Na programu ziko kwenye simu zote mbili.”