Kadi ya Dereva na Karani wa Takwimu: Wataalamu wa TEHAMA katika Huduma za Afya Mpakani Tunduma

Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita Iringa na Mbeya, hukatiza mashamba ya kahawa ya Mbozi, kisha hufikia mwisho wake wa upande wa Tanzania mjini Tunduma. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, nayo huvuka mpaka papo hapo. Ng'ambo ni Nakonde, Zambia, mji ulio karibu kiasi kwamba watu huvuka kwa miguu kwenda sokoni na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Malori yenye shehena ya Zambia na ya machimbo ya shaba ya Kongo husubiri zamu yao hapa, na katika siku mbaya foleni hurefuka kwa kilomita kadhaa. Tangu kituo cha pamoja cha forodha kilipofunguliwa rasmi mwezi Oktoba 2019, shehena hukaguliwa na maofisa wa nchi mbili chini ya paa moja. Kumbukumbu za afya za dereva anayeibeba shehena hiyo bado hazijapata paa la namna hiyo.

Chukua mfano wa dereva mwenye umri wa miaka arobaini aliyeanzishiwa dawa za kufubaza VVU katika kliniki moja jijini Dar es Salaam. Alitarajia kufika Lubumbashi na kurudi ndani ya wiki tatu. Foleni imemshika, gari limeharibika njiani, na dawa zimebaki za siku mbili. Anaingia kituo cha afya mjini Tunduma akiwa na kadi ya CTC iliyolowa jasho mfukoni, tarakimu mbili za namba yake zimefutika. Muuguzi anayempokea anahitaji kujua mambo machache tu: anatumia mchanganyiko gani wa dawa, alianza lini, kipimo cha mwisho cha wingi wa virusi kilionesha nini, na kama anatibiwa ugonjwa mwingine.

Swali hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Vidonge vinavyotumiwa na wagonjwa wengi nchini sasa vina dolutegraviri, ambayo mtu mzima humeza miligramu 50 mara moja kwa siku. Lakini mgonjwa anayetibiwa kifua kikuu kwa dawa zenye rifampisini huhitaji miligramu 50 mara mbili kwa siku, kwa kuwa rifampisini hulichochea ini kuiondoa dolutegraviri mwilini haraka kupita kawaida. Ikiwa dereva huyu alianza dawa za kifua kikuu mwezi uliopita na kumbukumbu hiyo haikumfuata, atapewa kopo la dawa kwa nia njema kabisa, atameza kidonge kimoja kila asubuhi, na virusi vitapata mwanya wa kuzaliana. Hakuna atakayejua hadi kipimo kijacho, labda baada ya miezi sita.

Kwa hiyo muuguzi anapiga simu katika kliniki ya Dar es Salaam. Anayefungua jalada la mgonjwa upande wa pili mara nyingi si daktari wala muuguzi. Ni karani wa takwimu, kijana mwenye cheti au stashahada, anayekaa katika chumba kidogo kando ya masjala mbele ya kompyuta yenye kanzidata iitwayo CTC2. Kwa miaka mingi kanzidata hiyo imekaa ndani ya kompyuta za kliniki husika, na taarifa zake kupelekwa ngazi za juu baadaye. Karani akiwapo, na umeme ukiwapo, na kompyuta ikiwa haijaingiwa na virusi vya aina yake, jibu hupatikana kwa dakika tano. Akikosekana, jibu halipatikani, hata kama taarifa zote zimehifadhiwa salama.

Mazungumzo ya TEHAMA katika afya kwa kawaida huhusu mifumo. Watu huhesabu kompyuta zilizogawiwa na vituo vilivyounganishwa. Watu wanaoifanya mifumo hiyo ipumue hawahesabiwi. Uwezo wa nchi kuhudumia wagonjwa hupimwa kwa idadi ya madaktari, wauguzi na wakunga kwa kila wananchi elfu kumi, na hakuna anayeuliza kuna mafundi wangapi wa seva.

Tanzania haikuanza safari hii jana. Kompyuta ya kwanza ya serikali ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na kizazi kizima cha wahitimu wa hisabati na uhandisi kikakua bila kuzigusa. Pengo hilo lilichukua muda kuzibwa. Vyuo vya kompyuta vilipanuka, na mwaka 2009 ulileta mambo mawili makubwa: nyaya za kwanza za intaneti za chini ya bahari zilifika Dar es Salaam, na ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza. Mkongo huo uliiunganisha nchi na majirani zake, na njia ya kwenda Zambia hupita Tunduma. Jambo hili lina kejeli kidogo, kwani mwanga unaobeba data za nchi mbili hupita chini ya mji ambao mgonjwa wake bado hutegemea karatasi iliyolowa.

Upande wa afya, hatua kubwa ilikuwa kuhamisha taarifa za MTUHA kutoka kwenye makabati. Watumishi wa zamani wanavijua vitabu hivyo kwa namba: namba 5 ya wagonjwa wa nje, namba 6 ya wajawazito, namba 12 ya wodi ya wazazi. Programu ya DHIS2, iliyochipuka Afrika Kusini katika miaka ya 1990 na kuendelezwa kwa uratibu wa Chuo Kikuu cha Oslo, ililetwa nchini na kurekebishwa kwa mikono ya wahadhiri na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2013 ilikuwa inatumika kitaifa. Baadaye Ofisi ya Rais TAMISEMI ilileta GoTHOMIS, mfumo unaomfuata mgonjwa tangu mapokezi, maabara, dirisha la dawa hadi malipo. Yote miwili ni kazi ya kujivunia, na wengi wa walioiandikia programu na kuirekebisha ni Watanzania.

Hata hivyo, programu iliyoandikwa vizuri mjini huweza kukwama katika jambo ambalo kila bibi wa Momba analijua. Kwa desturi ya Wanyamwanga, wanaoishi pande zote mbili za mpaka, majina mengi ya ukoo huanza na Si- kwa wanaume na Na- kwa wanawake. Kaka ni Simfukwe, dada yake ni Namfukwe. Shuleni au katika kitambulisho huenda dada huyo aliandikwa kwa jina la baba kama lilivyo, na kliniki ya wajawazito akajitaja kwa jina la nyumbani. Kwa kompyuta hao ni wanawake wawili. Mmoja ana kipimo cha kaswende na kundi la damu. Mwingine, aliyefika usiku akitokwa damu, hana chochote. Mtaalamu aliyekulia Songwe angeweka njia ya kutafuta kwa majina yote mawili siku ya kwanza ya kazi, na karani wa pale huifanya kazi hiyo kichwani bila hata kufikiri.

Tatizo ni kumpata na kumbakisha mtaalamu huyo. Zahanati kwa kawaida haina fundi wake. Hutegemea afisa TEHAMA wa halmashauri, ambaye siku hiyohiyo anatakiwa na idara ya fedha, elimu na ofisi ya mkurugenzi. Mkoa wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mbeya, ulikuwa na watu zaidi ya milioni moja na laki tatu katika sensa ya mwaka 2022. Ileje iko milimani, Momba inateremka hadi bonde la Ziwa Rukwa, na fundi mmoja hawezi kuwa kote. Mjini Tunduma, zaidi ya hayo, kijana mwenye shahada ya kompyuta ana mahali pengi pa kwenda. Mawakala wa forodha, benki na kampuni za simu wote humtaka.

Tofauti ya uzito huonekana siku mfumo unaposimama. Mfumo wa forodha ukizima asubuhi, kufikia adhuhuri mji mzima unajua: malori hayasogei, wenye mizigo wanapiga simu Dar es Salaam, mama lishe wanaongeza sufuria. Mfumo wa hospitali ukizima, foleni ni ya akina mama wenye watoto migongoni, nao huambiwa neno moja, "Mtandao hakuna," kisha hukaa. Neno hilo mara nyingi halina hata ukweli. Mfumo uliofungwa kwenye seva ya ndani huweza kuendelea kufanya kazi bila intaneti; kilichokosekana ni umeme, au waya ulioguguliwa na panya, au mtu wa kuiwasha upya seva. Kila sababu ina dawa yake, na mtumishi asiyejua tofauti hawezi kumweleza fundi kwa simu nini kimetokea.

Januari 2025 ilionesha udhaifu huu kwa namna chungu. Serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watumishi wengi wa miradi ya VVU katika nchi za Afrika walirudishwa nyumbani, na miongoni mwao walikuwamo makarani wa takwimu. Madaktari na wauguzi walioajiriwa na serikali walibaki, na kliniki ziliendelea kufunguliwa. Lakini pale karani alipoondoka, majalada yalianza kurundikana mezani bila kuingizwa, na orodha ya wagonjwa waliokosa tarehe zao, ambayo ndiyo humwezesha mhudumu wa jamii kuwatafuta, ikakosa mwandishi. Kuziweka kazi za kumbukumbu chini ya fedha za miradi, huku kazi za tiba zikilipwa na serikali, ulikuwa uamuzi uliodhihirisha kile kilichodhaniwa kuwa cha ziada. Kwa mgonjwa wa tiba ya maisha yote, kumbukumbu ni sehemu ya tiba.

Wakati suala la ajira likisubiri bajeti, yapo mambo yaliyo mikononi mwa watumishi waliopo. Mfumo unapozima, mgonjwa aandikwe kwenye karatasi maalumu inayotunzwa sehemu moja, na taarifa zinapoingizwa baadaye, tarehe iwe ya siku aliyohudumiwa, si ya siku karani alipopata nafasi. Kosa hili dogo huwafanya wagonjwa waonekane wamechelewa dawa ilhali walifika kwa wakati. Nywila isigawanywe. Kuazimana nywila zamu ya usiku huonekana kama wema kwa mwenzako, lakini dozi iliyokosewa itasomeka kwa jina la aliyelala nyumbani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na inampa mgonjwa haki ya kuziona na kuomba zirekebishwe. Kwa hiyo hata simu ile ya Tunduma kwenda Dar es Salaam ina adabu yake: anayejibu ahakikishe kwanza anaongea na kituo cha kweli, ikiwezekana kwa kupiga tena kupitia namba rasmi ya kituo, na mgonjwa awe amekubali.

Karani mwenyewe naye ni mwili. Kukodolea kioo saa nane katika kiti cha plastiki huleta macho makavu, kichwa na maumivu ya shingo, na huduma yake haihitaji mashine ghali: kioo kikae chini kidogo ya usawa wa macho, na kila dakika ishirini atazame mbali kwa muda. Mganga mfawidhi anayemnunulia kiti chenye mgongo hajapoteza fedha.

Kwa upande wa wasafiri, mfumo wa Zambia wa kumbukumbu za VVU, uitwao SmartCare, na ule wa Tanzania ilijengwa kila mmoja kivyake. Mei 2020, Zambia ilipoufunga mpaka wa Nakonde kwa muda kutokana na maambukizi ya UVIKO-19, ilidhihirika jinsi afya ya dereva mmoja inavyoweza kuwa shughuli ya nchi mbili. Hadi mifumo itakapojifunza kuzungumza, msafiri apige picha pande zote mbili za kadi yake na kuihifadhi kwenye simu yenye kufuli, ajitaje kwa majina yaleyale kila aendako, na amwambie mhudumu kila dawa anayomeza, hasa ya kifua kikuu.

Dereva wa mfano wetu hakuwa na picha, lakini alikumbuka jambo moja: tangu mwezi uliopita mkojo wake umekuwa wa rangi ya chungwa. Muuguzi alielewa mara moja kuwa hiyo ni rifampisini. Simu ya pili ilipokelewa saa nane na nusu mchana, karani akasoma jalada, na kwenye kadi mpya ikaandikwa kwa wino mweusi dozi ya ziada ya dolutegraviri kila jioni, pamoja na namba kamili. Lori lilivuka siku iliyofuata. Jina lake liliingizwa katika kompyuta ya Tunduma usiku, umeme uliporudi, kwa tarehe ya mchana ule.